Unatafuta Nani Huku?

Mtu mzima anayetembea Nakuru bila shughuli huulizwa swali moja, na halichelewi. Akikata kona mara mbili kwenye mtaa usio wake, litamtoka mlinzi wa lango, au mama wa mboga, au kijana aliyeegemea bodaboda: "Unatafuta nani?" Akijibu kwamba hamtafuti mtu, anatembea tu, ataangaliwa kutoka unyweleni hadi kwenye viatu. Hana mzigo, hauzi ploti, hahubiri, hahesabu watu kwa niaba ya serikali. Basi huyu ni nani?

Swali lenyewe halina ubaya. Nusu yake ni ukarimu na nusu ni ulinzi, na mara nyingi anayeuliza yuko tayari kukusindikiza hadi unakokwenda. Lakini naona limebeba jibu la jambo ambalo wapiga debe wa utalii wa ndani hulizunguka bila kuligusa: kwa nini sisi wa huku, kuanzia Bonde la Ufa hadi ziwani na kwenye misitu ya Kakamega, tukitamani msisimko wa safari mawazo yetu hukimbilia Diani, Zanzibar na Dubai, ilhali wageni huvuka bahari kuja kuangalia kilichoko nyuma ya nyumba zetu.

Maelezo ya kawaida ni mawili. La kwanza ni pesa, la pili ni mazoea. Pesa ni kweli, na nitalirudia, ila haielezi kila kitu. Watu wale wale wasio na nauli ya kwenda Ziwa Elementaita huipata nauli ya kwenda Mombasa Desemba, msimu ambao bei za mabasi hupanda bila aibu. Mazoea nayo siyaamini sana. Huwezi kuzoea usichowahi kukifikia. Mtu aliyezaliwa Kaptembwo na kulelewa hapo, ambaye hajawahi kusimama ukingoni mwa Menengai, kreta ya volkeno iliyo juu ya mji, hajaizoea Menengai. Alichozoea ni kuona mgongo wa kilima upande wa kaskazini anapoanika nguo.

Nionavyo mimi, tumeigawa ardhi yetu mafungu mawili. Lipo fungu la kazi: shamba, soko, ofisi, steji, kanisa, hospitali. Na lipo fungu la wageni: mbuga, hoteli, makumbusho, kreta. Fungu la tatu, yaani mahali ambapo mwenyeji mwenye ndevu zake au mama mwenye watoto wake anaweza kwenda kwa sababu moja tu, kwamba anataka kujua kuna nini ng'ambo ya kile kilima, hilo hatuna. Tunachokosa ni ruhusa. Tunanyimana wenyewe kwa wenyewe, ingawa si sisi tulioanza.

Nakuru ilitambuliwa rasmi kuwa mji mwaka 1904, miaka michache baada ya reli kupita, na ikawa kitovu cha mashamba ya walowezi. Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimika kutembea na kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Askari akikukuta barabarani ulitakiwa ueleze unatoka kwa bwana gani na unaelekea kwa bwana gani. "Natembea tu" halikuwa jibu, lilikuwa kosa. Kipande kiliondolewa kabla ya uhuru, lakini sheria ya uzururaji ilibaki vitabuni hadi 1997. Hesabu mwenyewe: kijana aliyekuwa sekondari mwanzoni mwa miaka ya tisini, ambaye leo ni baba wa watu, alikulia katika nchi ambamo kuonekana huna kazi wala makao kulitosha kukupeleka mahakamani.

Wazee waliopitia hayo walitufundisha kutembea kwa sababu. Ukitoka, beba hata kikapu, ukiulizwa uwe na jibu. Wakati huo huo kulikuwa na watu waliozurura watakavyo katika ardhi hiyo hiyo, wakiwinda, wakipanda vilima, wakivipa majina. Mlowezi Mwingereza, Lord Maurice Egerton, alianza kujijengea kasri lake kule Njoro 1938, ujenzi ukaendelea hadi 1954, na miaka minne baadaye akafariki. Leo kasri hilo liko wazi kwa kila mtu, na wengi wetu tumelifikia kupitia kwa mpiga picha wa harusi. Hata pale tumeenda kwa shughuli.

Tuiangalie Menengai kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayotajwa kila mtu anapouliza "Nakuru kuna nini?" Ukingo wake wa juu uko mita 2,278 kutoka usawa wa bahari, na katikati ya mji ni kama mita 1,850. Kwa hiyo kutoka mjini hadi juu unapanda mita mia nne na ushei, mwendo ambao mtu mwenye magoti mazima anaumaliza asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Shimo lina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na kina chake kinafika mita 485. Hizo ni takwimu za kujivunia, na tunajivunia. Lakini ziara yenyewe huwaje? Unapanda boda hadi kileleni, unalipa kiingilio cha msitu, unasimama ukingoni huku rafiki akikupiga picha, unanunua mahindi ya kuchoma, unateremka. Pale juu pana kibao chenye mishale inayoonyesha miji ya mbali na umbali wake, kana kwamba umefika huko juu ili ukumbuke mahali pengine. London yetu, mtaa wenye jina hilo ulio chini kidogo, jirani na jaa la taka la Gioto, sijaona mshale wa kuielekeza.

Msisimko unaanza pale wengine wanapogeuza boda. Ukishuka ndani ya kreta, kwenye barabara ya malori au kwenye vijia vya mbuzi, ardhi inabadilika chini ya miguu. Lava iliyoganda ni nyeusi, imekatika vipande vyenye makali, na viatu vya mtumba vya soli nyembamba vitajuta. Katikati ya mawe hayo umeota leleshwa, kichaka cha majani ya kijivu. Yavunje, yasugue kiganjani, unuse, ndipo utajua kwa nini wafugaji huyatumia kujipaka harufu. Mahali fulani mvuke unatoka ardhini bila kelele, umeroanisha mwamba na kuotesha majani mabichi pale tu unapofika. Mahali pengine mvuke huo huo umefungwa kwenye mabomba: kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, ilianza kuchimba visima humo 2011, na mtambo wa kwanza, wa megawati 35, ukaanza kutoa umeme 2023. Wanaokuja kufunga na kuomba mapangoni utawasikia kabla ya kuwaona. Na ukimpata mchungaji wa makamo mwenye nafasi, atakupa masimulizi ya vita vya Wamaasai wa karne ya 19, Ilpurko dhidi ya Ilaikipiak, jinsi walioshindwa walivyotupwa kutoka ukingoni, na kwamba mvuke ule ni roho zao zinazotafuta njia ya kutokea.

Kati ya nusu saa ya juu na nusu siku ya chini, tofauti ya gharama ni ndogo sana. Tofauti ni kwamba juu kila kitu kinajulikana kabla hujafika, picha yako ilishapigwa na wengine elfu, na chini lazima uamue: njia hii au ile, kumfuata mchungaji au kurudi, maji yanatosha au hayatoshi. Kwangu hiyo ndiyo maana nzima ya safari. Mtu anaweza kwenda Dubai na asifanye uamuzi hata mmoja tangu uwanja wa ndege hadi kitandani.

Sasa linganisha mbuga mbili zilizoko ndani ya kaunti moja. Mbuga ya Ziwa Nakuru imezungukwa na uzio wote, na mitaa ya Rhonda, Mwariki na Lake View imeegemea uzio huo. Wakazi wake huwaona nyani wakivuka kuja kupekua mapipa. Lakini ndani hauruhusiwi kutembea kwa miguu, isipokuwa sehemu chache zilizotengwa; lazima uwe na gari. Hivyo mkazi wa Rhonda anaweza kuwa na kiingilio mkononi, awe mita mia tatu kutoka kwa faru, na bado safari yake ikwame kwa kukosa magurudumu manne. Nenda upande wa Naivasha, Hell's Gate, mbuga iliyoanzishwa 1984, ambako kutembea na kuendesha baiskeli kunaruhusiwa. Wikendi imejaa vijana wa Kenya: wanafunzi, makarani, makundi ya kanisa, wapenzi wanaobishana njiani juu ya nani alisahau maji. Nyanda ni zile zile, pundamilia ni wale wale, kipato cha watu ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mtu ameachiwa miguu yake. Wanaosema Wakenya hawapendi mambo ya asili waende wakahesabu baiskeli pale langoni.

Ziwa lenyewe ni kisa kingine, kwa kuwa linatutembelea hata tusipolitembelea. Tangu 2010 hivi limepanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Lango kuu la zamani limemezwa, pamoja na barabara na ofisi, na familia za upande wa Barut na Mwariki zimehama mashamba yao. Maji mengi yasiyo na chumvi yalipoingia, mwani mdogo wa kijani ambao ndio chakula cha heroe ulipungua, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria na kwingine. Haya si ya kufurahia. Lakini ni mabadiliko makubwa ya jiografia yanayotokea mbele ya macho ya watu wa mjini, na wengi wetu tumeyafuata kwenye simu.

Ukitaka kuyaelewa, panda Hyrax Hill, kilima kidogo kilicho kando ya barabara kuu ya Nairobi, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale 1937 na 1938 na kukuta makaburi ya kale, mashimo ya makao na zana za mawe. Juu ya mwamba mmoja kumechongwa vishimo vya bao, safu kwa safu, na hakuna kinachokuzuia kuchuchumaa na kuingiza kete za kokoto. Cha kustaajabisha ni mandhari. Miaka elfu tisa au kumi iliyopita, Ziwa Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja, maji yakiwa zaidi ya mita 100 juu ya yalipo sasa, na kilima hicho kilikuwa karibu kizungukwe na maji. Ukisimama hapo ukiyatazama maghorofa na mabati yanayometa hadi ziwani, unaanza kuuliza maswali ambayo mkutano wa mipango ya jiji ungepaswa kuyauliza. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021. Ziwa halikushauriwa.

Safari ninayoipendekeza kwa kila anayeniuliza haiko kwenye orodha yoyote. Fuata Mto Njoro. Unaanzia msitu wa Mau ya Mashariki, unapita Njoro mjini na Chuo Kikuu cha Egerton, unateremka kupitia Ngata, na kuingia ziwani upande wa magharibi mwa jiji. Kila siku maelfu ya watu wanauvuka kwa matatu bila kuinua macho. Kuufuata kwa miguu, kipande kwa kipande, Jumamosi moja moja, hakuhitaji tikiti.

Nilipoanza kuufuata, mtu wa kwanza kunisimamisha alikuwa mzee aliyekuwa akinywesha punda wake wawili karibu na daraja, kila punda na mitungi minne ya plastiki ya manjano mgongoni.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Njema, kijana wangu. Unatafuta nani huku?"

"Simtafuti mtu. Nafuata mto."

Alinyamaza akafunga kamba ya mtungi. "Mto unafuatwa na ng'ombe," akasema. Kisha, baada ya kunichunguza vya kutosha: "Unaufuata kwenda juu au kwenda chini? Maana chini hutaupata wote. Ukifika kule mbele, miezi ya kiangazi unaingia mchangani."

Alikuwa sahihi kabisa, na wanasayansi waliouchunguza mto huo kwa miaka mingi wangekubaliana naye: sehemu ya chini, ambayo zamani ilitiririka mwaka mzima, sasa hukauka majira ya kiangazi, baada ya msitu wa juu kukatwa na maji kuvutwa kwa ajili ya mashamba na miji. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo. Yeye alinionyesha jiwe ambalo utotoni alikuwa akirukia majini kutoka juu yake. Jiwe lilikuwa kwenye nyasi.

Ukiendelea kupanda unaona mto ule ule ukifanya kazi zote za nchi hii. Hapa vijana wanaosha pikipiki na povu linaelea kuelekea kwa mama anayefua. Pale mtu amepanda sukuma hadi kwenye ukingo wenyewe, sheria ya kuacha nafasi kando ya mto haimhusu. Kisha zinakuja sehemu zenye miti mirefu na tumbili, kivuli kizito, na unasahau kabisa kwamba kilomita mbili kutoka hapo kuna kituo cha mafuta. Na huko juu baridi ya Mau inakukumbusha kwamba ulibeba maji ukasahau sweta. Watu huuliza swali lile lile kila kijiji, na jibu la "nafuata mto" linafanya kazi ya ajabu: baada ya mshangao mtu anaanza kukueleza. Huyu anajua mahali palipokuwa na kinu cha zamani, yule anajua ni nani aliyefunga chemchemi kwa ua. Mwongozaji wa watalii angehitaji mafunzo ya mwaka mzima kujua hayo.

Najua atakayesoma hapa akasema: rahisi kwako, mwanamume. Na atakuwa na haki. Mwanamke anayetembea peke yake kando ya mto hapati mshangao na hadithi tu. Anapata mluzi, maswali ya mume yuko wapi, na mara nyingine hatari ya kweli. Hata ndani ya Menengai ushauri wa wenyeji ni usishuke peke yako. Ruhusa haigawanywi sawa, na makala inayosifu kuzurura bila kusema hivyo inadanganya.

Ndiyo maana nayaheshimu makundi ya matembezi yaliyoota kila mahali, yanayopangwa kwa WhatsApp, watu wakilipia kiti cha basi na kukutana alfajiri kwenye kituo cha mafuta. Ukiangalia vizuri, wengi wao ni wanawake, na sababu iko wazi: kundi ndilo ruhusa yao. Hakuna anayewauliza watu thelathini wenye fulana za rangi moja wanamtafuta nani. Kero yangu ni kwamba makundi haya yamerithi ratiba ya mtalii. Saa kumi na mbili kuondoka, saa nne kileleni, picha ya pamoja, saa nane nyama, saa kumi na moja mmerudi, na mwezi ujao ni Mlima Longonot tena. Kundi lenye usalama wote huo lingeweza kufuata Mto Njoro hadi msituni, au kutembea kutoka Mau Summit hadi Londiani sambamba na reli ya zamani. Lina nguvu za kwenda kusikojulikana, linazitumia kwenda kunakojulikana zaidi.

Hatari nayo isichezewe. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwakumba watu ndani ya korongo la Hell's Gate na 7 wakafa; mvua ilikuwa imenyesha mbali kidogo, wao wakiwa kwenye mwamba mkavu. Anayesoma ardhi ile kila siku angetazama mawingu ya upande ule kabla ya kuingia. Maarifa hayo wanayo wenyeji, nayo hupatikana kwa kuulizwa.

Nikivuka Mau kuelekea magharibi, naikuta Kisumu na tatizo la sura nyingine. Reli ilifika pale 1901, na kwa muda mrefu ukingo wa ziwa ukawa wa bandari, maghala, mabohari na reli, mji ukaupa maji kisogo. Wapo watu wa Kondele na Manyatta wanaokula samaki wa ziwa hilo kila wiki na hawajawahi kukaa ndani ya mtumbwi. Dunga, kijiji cha wavuvi, iko kusini tu mwa mji. Pale unaweza kukubaliana bei na mwenye mashua asubuhi mapema, akakupitisha kandokando ya mafunjo, ambamo wapo ndege wasioishi penginepo ila kwenye mafunjo, na ukiwahi vya kutosha unawakuta wavuvi wa omena wakirudi na karabai zao baada ya usiku kucha majini. Gugumaji likiwa limeziba, mwenye mashua atalazimika kutafuta mlango, na hapo hata yeye hajui safari itachukua muda gani.

Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirudi Desemba 2021, na nilifurahi, hadi nilipotazama ratiba: ilikuwa ikipanda na kushuka Mau usiku. Kilomita 217 za Nakuru hadi Kisumu, zenye madaraja na makorongo na mashamba ya miwa ya Muhoroni, na abiria amelala. Fort Ternan, ambako Louis Leakey alipata mabaki ya sokwe wa kale wa zaidi ya miaka milioni 13, ilikuwa ikipitwa gizani. Yeyote aliyepanga hivyo alidhani treni ni ya kufikia tu.

Watu wa Kakamega ndio naona wamelielewa jambo hili kuliko sisi wengine. Hawakungoja mtu awatengenezee kivutio. Mapigano ya mafahali huanza kabla ya alfajiri nyumbani kwa mwenye fahali, si uwanjani. Fahali anatolewa zizini, ngoma za isukuti zinaanza, na kundi linaondoka naye kwa miguu gizani, likiongezeka kila njia panda, watu wakitoka vitandani na mablanketi mabegani, watoto mbele, wazee nyuma, umande hadi magotini. Hakuna anayejua fahali atashika barabara au atakata kupitia kwenye mahindi ya mtu. Wakifika Khayega au Malinya jua linachomoza, na pambano lenyewe linaweza kuisha kwa dakika mbili, mmoja akigeuza mgongo na umati wote kutawanyika ukikimbia mbele yake. UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Yapo ya kujadili kuhusu wanyama wale na kamari inayowazunguka. Ila kwa saa mbili kabla ya macheo kijiji kizima kinatembea ovyo katika ardhi yake, na hakuna anayemuuliza mwenzake anamtafuta nani.

Basi ruhusa itoke wapi huku kwetu kusiko na fahali? Sehemu ni ya serikali za kaunti, na si ya gharama kubwa: njia ya miguu yenye alama kutoka mjini hadi ukingo wa Menengai, kando ya ile ya magari; ukingo wa Mto Njoro ulioachwa wazi kama sheria inavyotaka; gari la pamoja la kuwaingiza wasio na magari mbugani. Tembea Kenya, ile kampeni ya kutuhimiza tuzuru nchi yetu, imeuza vitanda vya hoteli kwa punguzo, na sina ugomvi na wenye hoteli, lakini mtu wa Rhonda hahitaji kitanda kilomita mbili kutoka kwake.

Sehemu kubwa zaidi naiona shuleni. Kila muhula mabasi ya shule za Nakuru huondoka usiku wa manane kwenda Nairobi kuonyesha watoto ndege zikiruka, au Mombasa kuonyesha bahari. Wanarudi wamelala, wamechoka, wazazi wamelipa maelfu. Mtaala wa sasa unataka mtoto wa gredi ya nne aijue kaunti yake, na mara nyingi anaijulia kwenye ramani ya kitabu. Shule nyingi za upande wa mashariki mwa jiji zinaweza kuifikia Hyrax Hill bila kukodi kitu. Nimewauliza walimu kadhaa kwa nini hawaendi. Jibu ni kwamba kuwapeleka watoto Mombasa kuna fomu zake na zinapita. Kuwatoa darasani wakatembee tu hadi kilimani, mwalimu mkuu anauliza ni kwa shughuli gani.